Pantalo ilikuwa hatua 40: kisa cha timu moja ya wakata mbao

Nilikuwa kapita, yaani msimamizi, wa hii timu, kwa hiyo mambo mingi ya humu niliyaona na macho yangu, na ingine ilitoka ku maamuzi yangu mwenyewe. Majina nimetoa, kilima sitakitaja, na vitu vingine vidogo nimevigeuza ili mtu asitambulikane. Yule kijana mwenye aliumia na mashini bila kuvaa pantalo ya kujikinga nilimuomba ruhusa mbele ya kuandika, akanijibu: "Andika, lakini uandike na sababu yenye ilifanya sikuvaa. Usiandike tu kama nilikataa." Basi nitaandika vile.

Mahali, kazi na watu

Mgeni akifika Goma anaona haraka, mji umekaa juu ya mawe ya volkano na nyumba mingi sana ni za mbao. Kuchimba fondasio mu ile lava iliyoganda ni jasho na ni pesa, wakati nyumba ya mbao inasimama kwa siku chache, na ukihama unaweza kuing'oa uende nayo. Nyuma ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 watu walijenga hivyo, nyuma ya ule wa 22 Mei 2021 ikawa tena vilevile, kila mwenye depo akawa anatafuta mbao, madriye (mbao nene) na shevro (miti ya paa), na mwenye kujua mashini ya kukata akawa mtu wa kutafutwa.

Patroni wetu alikuwa na depo moja mjini. Alinunua kalitusi zenye zilikuwa zimesimama ku shamba la mtu, juu kule upande wa Masisi, ukishapita Sake na kupanda. Si mu parki, parki ya Virunga iko toka 1925 na mambo yake ni kisa ingine kabisa. Hii ilikuwa miti ya kupandwa, na karatasi ya mwenye shamba tulikuwa nayo.

Tulikuwa watu 6. Muzee, miaka kama 55, mtu wa kukata toka wakati wa msumeno wa watu 2, ule mmoja anasimama juu ya gogo na mwenzake anakaa chini mu shimo anakula vumbi. Kijana, miaka 24, miaka 3 ku mashini, mkono mwepesi sana. Wasaidizi 2 wa kugeuza magogo, kupiga kabari na kushika kamba, mdogo wao alikuwa na miaka 19. Mama mmoja wa kupika, yeye njo alikuwa anachunga na stoo yenye bido za esansi (petroli) ju patroni alikuwa anamuamini kuliko sisi wote. Na mimi, wa kuhesabu mbao na kulipa.

Mashini, yaani tronsonezi, zilikuwa 2. Kuangusha mti ni dakika chache tu, kinachokula siku ni kupasua. Gogo linalazwa, unapiga mstari na kamba yenye umechovya mu mafuta ya vidanje (ile ya motere yenye imeshatumika) iliyochanganywa na unga mweusi wa betri za toshi zilizokufa, halafu unafuata ule mstari na mashini mkononi, bila reli, bila meza, mgongo umepinda toka saa moja ya asubuhi mpaka saa tisa.

Malipo yalikuwa kwa ubao. Kila ubao uliofika barabarani ulikuwa na bei, ile bei inagawanywa timu nzima. Kwa hiyo mvua ikinyesha, shene (mnyororo wa meno wa mashini) ikikatika, ukisimama kunywa maji, ukienda kuvaa kitu, ile yote inatoka ku mfuko yako na ku mfuko ya wenzako. Hii naomba msomaji aikumbuke ju nitairudilia.

Vifaa, na namna vilifika

Ku kilima cha jirani mtu wa timu ingine aliangukiwa na tawi lenye lilikuwa limekwama juu, akafa palepale. Patroni alisikia, akaguswa kweli, wiki ileile akatuma mzigo: kaske (kofia ngumu) 5 za manjano kama za mafundi wa nyumba, ganti za ngozi, boti za plastiki, linete (miwani) nyeusi, na pantalo moja ya kweli ya tronsonezi, okazioni (yenye ilishatumika), yenye mtu alimletea toka Kigali kwa dola 70.

Ile pantalo nieleze kidogo. Ndani yake muko matabaka ya nyuzi ndefu. Shene ikigusa, kitambaa cha juu kinakatika, nyuzi zinavutwa nje, zinajisokota ku lile gurudumu la meno lenye linazungusha shene, na mashini inasimama. Hakuna nguo yenye inashinda shene kwa ugumu, hii inashinda kwa kuiziba pumzi. Zile za daraja la 1 zinapimwa na shene yenye inakimbia mita 20 kwa sekonde moja. Jini haina kitu kama hicho ndani, na kaske ya fundi wa nyumba hailindi uso wala masikio. Mimi mwenyewe haya nilikuja kuyajua nyuma. Siku ile nilichojua ni kwamba ni "pantalo ya mashini", nikaigawa kama ninavyogawa sabuni.

Halafu nikafanya uamuzi ambao mpaka leo unaniuma. Patroni aliogopa vifaa vitauzwa sokoni, nikamwambia tusainishe watu: kila mtu anaandika jina na kitu alichopewa, kikipotea ao kikiharibika kinakatwa ku malipo yake. Nilifikiri ni kuweka heshima ya mali. Kumbe nilikuwa nimewaambia watu kwamba kile kifaa kina bei kuliko mguu wao. Walifanya tu hesabu yenye mtu mwenye akili anafanya: kitu kikae stoo, kisichafuke, kisipasuke, ili mwisho wa kazi kirudi kizima na mshahara ubaki mzima. Pantalo ilikunjwa mu mfuko wa plastiki, ikawekwa juu ya msumari. Ganti zilishika sufuria. Kaske moja ikawa kipimo cha maharagwe.

Tabia za kila siku, na maneno ya wenye kuzifanya

Nitaziandika na sababu zao, ju nilikaa nao moto mmoja miezi 4 na sikusikia hata mmoja akisema anapenda kuumia.

Walikata na kambambili, wengine miguu mitupu. Mteremko ukilowa zile boti za plastiki zinateleza kama sabuni, wakati vidole vinashika udongo. Wasaidizi waliniambia hivyo, nilizivaa siku moja nikaanguka mara 2 mbele ya saa tatu, nikaacha kuwabishia. Linete nyeusi chini ya miti yenye kivuli ni kujifunga macho, ukitoka jasho zinafanya ukungu.

Masikio walikuwa nayo hadithi ndefu. Mashini inapita desibeli 100, na wataalamu wanasema kuanzia 85 siku nzima sikio linaanza kuharibika. Muzee alikuwa anasema: "Ukiziba masikio hautasikia muti ukilia." Na ni kweli, mti mbele ya kuanguka unalia, unatoa ule mlio wa nyuzi kukatika, na mkataji anajua sasa ni kurudi nyuma. Hiyo si ujinga, ni elimu, na ilimfikisha miaka 55 akiwa mzima. Mtu akija na kizibo cha masikio bila kujibu hilo swali, anaomba mkataji aache chombo chake cha usalama achukue cha mgeni.

Ile ya hatari kuliko zote ilikuwa freni. Mbele ya mkono wa kushoto mashini iko na kibao cha plastiki: mashini ikiruka, mkono unakisukuma, shene inasimama. Wakati wa kupasua umeinama, kiganja kinakigusa kila saa, shene inasimama, unavuta tena, unapoteza mstari. Wiki ya 3 Kijana na Muzee wakakitoa na pensi ku mashini moja, wakakitupa mu kisanduku cha vyuma. Niliona. Sikusema kitu ju siku ile tulitoa mbao 45, na patroni alikuwa amenipigia asubuhi kuniuliza kwa nini jana zilikuwa 28.

Kulikuwa na kanyanga kidogo asubuhi, kwa baridi na mgongo, si kulewa, lakini ilikuwako. Na kulikuwa na sala. Muzee alikuwa anaomba mbele ya kila mti, anashika gome, anafunga macho, anasema "Damu ya Yesu itufunike", na mtu akimzungumzia aksida anajibu siku yako ikifika imefika. Mie nilikuwa naiona ile sala kama sehemu ya tatizo. Nilikuwa nimekosea, nitaeleza.

Kijana alivaaka pantalo siku moja, wiki ya 2. Alikuwa na hamu nayo, ilikuwa mpya kwake. Ni nzito, inabana joto, jua likapanda akapunguza mwendo. Wenzake wakaanza kumuita "muzungu wa pori", hiyo aliivumilia. Kitu hakuvumilia ni jioni, mbao zilikuwa chache, na msaidizi mmoja mwenye watoto 4 akamwambia kwa upole kabisa: "Mudogo yangu, leo pantalo yako imekula bugali ya batoto yangu." Kesho yake ikarudi ku msumari.

Ile siku ya alhamisi

Depo ilikuwa imepata mteja wa nyumba 2, mbao 300 zifike barabarani jumamosi. Tulikuwa na 190 hivi. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi mlima ulikuwa unateleza, Muzee akasema tungoje udongo ukauke kidogo. Nilimsikia. Nikapiga hesabu, nikaona tukingoja mpaka saa nne hatufiki, nikasema tuanze na miti ya chini penye hakuna mteremko mkali. Uamuzi ulikuwa wangu.

Saa sita na dakika kama 20 Kijana alikuwa anatoa matawi ku kalitusi yenye ilikuwa imelala. Mashini yake ilikuwa ile bila freni. Alikuwa na kambambili na pantalo ya sport. Mdogo, yule msaidizi wa miaka 19, alikuwa karibu naye anavuta matawi, na hilo nalo lilikuwa kosa ju mtu hapashwi kuwa karibu na shene ya mwenzake hivyo. Ncha ya juu ya mashini ikagusa tawi lingine lenye lilikuwa limefichwa na majani chini. Wakataji wote wanajua ile nafasi, robo ya juu ya ncha. Ikigusa kitu, shene haikati, inapanda, na mashini nzima inapiga teke nyuma na juu mbele mtu hajawaza kitu. Kijana aliikaza isimfikie uso, mguu ukateleza, mashini ikashuka ku paja la kushoto juu ya goti.

Nilikuwa mbali kidogo, nikasikia mlio wa mashini umebadilika halafu Mdogo anaita jina. Toka pale mpaka stoo penye pantalo inaning'inia nilikuja kupima nyuma: hatua 40.

Njiani

Damu ilikuwa mingi. Mtu akasema tuweke esansi ili kuua mikrobu, mwingine akasema majivu. Yule msaidizi wa watoto 4 alikuwa amefundishwa kusaidia majeruhi akiwa mwanafunzi, akawafokea wote, akavua shati, akalikunja, akaligandamiza mu kidonda na uzito wake wote. Ikaendelea kupita. Basi akafunga kitambaa juu ya kidonda, akapitisha kijiti, akazungusha mpaka damu ikasimama, akaniambia niandike saa ku simu. Saa sita na nusu. Bila huyu baba ningekuwa naandika kisa kingine.

Rezo ya simu hapo hakuna. Tulifanya tipoyi na fito 2 na magunia, watu wa shamba wakatusaidia kubeba, saa nane na robo tukafika barabarani. Lori ya makala ikatuchukua. Saa tisa santre ya afya, muganga akakagua kidonda, akakiziba upya, akaweka serumu, akasema hapa siwezi, mupeleke Goma. Tulifika hospitali giza linaingia. Walituambia mshipa mkubwa haukuguswa, ungeguswa hangefika. Nyama na sehemu ya kano ya goti njo vilikatika.

Alilazwa siku 19, halafu siku 6 zingine alibakia pale ju fakitire haijaisha. Ilikuwa dola 640. Patroni alitoa 300. Zingine zilitoka ku timu, ku sadaka ya kanisa, na ku mbuzi 2 za baba yake. Hakuna hata mmoja wetu alikuwa ameandikishwa CNSS, ile kese ya serikali ya kusaidia wafanyakazi. Kode ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka usalama wa mfanyakazi juu ya mwenye kumtumikisha, lakini ile kode kilimani kwetu haikuwa imepanda.

Kikao

Muzee alikataa kuwasha mashini mpaka tuongee. Siku ya 9 tukaketi, patroni naye akapanda. Nilitarajia watu watasema tulikosa kuvaa, tutavaa. Hawakusema hivyo. Wa kwanza alikuwa yule baba wa watoto 4, akasema ni yeye alimtoa Kijana ile pantalo na neno lake, akalia. Patroni akanyamaza. Halafu Muzee:

"Mimi hii sikio ya kuume ilikufa zamani. Nilikuwa nasema nataka kusikia muti, lakini muti sikuwa nausikia tena. Nilikuwa naangalia paka kichwa yake."

Hapo njo nilielewa kwa nini ukimuita toka kuume haitikagi.

Tukaamua mambo, kwa kubishana sana. Ile karatasi ya kusaini niliipasua mbele yao, kifaa kikiharibika kazini ni hasara ya patroni. Malipo: nilitaka siku, patroni akakataa akasema watalala. Tukakutana katikati, kuangusha na kutoa matawi ni kwa siku, kupasua kunabaki kwa ubao, na dakika ya kuvaa haipimwi na mtu. Pantalo mpya 2, dola 95 moja, na kaske 2 za kweli zenye wavu wa uso na vizibo vya masikio. Kibao cha freni kirudi.

Na esansi. Hili lilitoka kwa Mama mpishi mwenyewe, alikuwa pembeni anachambua sombe, akasema: "Esansi iko kwangu. Mwenye hajavaa simupimii."

Ile pantalo ya kwanza hakuna mtu alitaka kuigusa, walikuwa wanaiita ya mkosi. Nikamuomba patroni ruhusa ya kuiharibu. Alikasirika, dola 70, lakini akakubali. Tukakata vipande 2 vya mgomba vyenye unene wa paja, kimoja tukakivalisha jini ya zamani, kingine mguu wa ile pantalo, tukavilaza chini tumevifunga vizuri. Muzee akapiga jini: kipande kikawa 2 mbele hujamaliza kusema moja. Akapiga pantalo. Mashini ikakohoa ikasimama, nyuzi nyeupe zimejaa pembeni ya shene kama manyoya ya kuku. Tukafunua, mgomba ulikuwa na mkwaruzo tu. Hakuna mtu aliongea kwa muda. Mdogo akaja akaigusa na kidole, akauliza: "Hii njo ilikuwa inaning'inia pale?"

Kilichobadilika, kilichokataa

Nilibaki na hiyo timu miezi 8 zaidi. Pantalo zilivaliwa karibu kila siku. Masikio yalivaliwa wakati wa kupasua, na hiyo ni masaa mengi kuliko kazi zingine zote. Wakati wa kuangusha, Muzee hakukubali mpaka tulipoweka msaidizi wa kuangalia kichwa cha mti akiwa mbali nyuma, na kamba ndefu imefungwa ku mkanda wa mkataji, akiona kichwa kimeanza kutembea anavuta. Kamba inaachia yenyewe ukiikaza, isije ikamfunga mtu kukimbia. Kijana mwingine aliyekuja badala ya Kijana aliipenda ile kamba kuliko sisi wote.

Sala haikuondoka, na tulifanya nayo kazi. Ilikuwa ni saa peke yake mbele ya kila mti yenye mashini imezimwa na watu wote wamesimama. Tukakubaliana, Muzee akisema amina kila mtu anainua macho: matawi makavu juu iko? Mti unaegemea wapi? Njia yangu ya kurudi nyuma kwa mshazari iko wapi, imesafishwa? Nani iko karibu? Kanuni za kazi ya misitu zenye Shirika la Kazi Duniani lilitoa 1998 zinataka wengine wakae mbali angalau urefu wa mti mara 2. Mie nilikuwa nimeisoma, nikaisema mara ngapi haikushika. Ilishika ilipofuata amina.

Yaliyokataa ni mengi. Ganti hazikuvaliwa, wanasema zinaficha mtetemo wa mashini, mkono haujui tena shene imelegea ao la, na sikupata jibu. Kanyanga ilipungua tu. Pantalo moja iliungua, mtu aliikausha karibu ya moto. Ingine ililowa mafuta ya vidanje mpaka ikawa ngumu kama ngozi, na nyuzi zikishikamana na mafuta hazitoki tena vizuri, ilipashwa kubadilishwa, patroni akasema bado inaonekana nzima. Mwezi wa 6 depo ingine ikaja na bei nzuri kwa ubao, bila pantalo bila kamba, na wawili wakaenda, pamoja na yule baba wa watoto 4. Nilimuelewa.

Nionavyo sasa

Ukiuliza watu mjini kwa nini wakataji hawavai, jibu liko tayari: wajinga, wabishi, wanazoea hatari. Kisa hiki kimenitoa mu hilo jibu. Kila tabia mbaya tuliyokuwa nayo ilikuwa inalipwa. Freni iliyotolewa ililipa mbao 17 zaidi kwa siku. Kambambili ililipa kutoanguka. Pantalo iliyoning'inia ililipa kutokatwa mshahara. Na mimi na patroni njo tulikuwa tunatoa malipo, kwa ubao na kwa simu ya asubuhi, halafu tunaleta kaske.

Vifaa vyenyewe pia vilikuwa vya kuonekana. Kaske ya fundi wa nyumba, boti za kuteleza, linete za jua: mkataji anapima kitu ku kazi, kikimkosea siku 2 anakiweka pamoja na vyote vilivyokuja na ule mzigo. Ile moja yenye ingeokoa mguu ilikufa na aibu ya wenzake. Ningekuwa na dola zilezile leo ningenunua pantalo 2 na nisilete kingine chochote.

Kwa nini sheria ya esansi ilishika wakati yangu zote zilianguka? Nimeifikiria sana. Mama alikuwa analipwa kwa mwezi, ubao ukipungua yeye hapotezi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kufumba macho kama mimi nilivyofumba. Hakuwa na ukubwa wa kuwaonea, ila wote walikuwa wanakula mkononi mwake, kumbishia mama aliyekupikia asubuhi ni aibu. Na haikuwa adhabu ya nyuma, ilikuwa ni mlango: bila pantalo mashini haiwaki, basi. Mimi nilikuwa naangalia watu wakishaanza, na mtu akishaanza kumsimamisha ni kugombana.

Ile jaribio ya mgomba ningeifanya siku ya kwanza. Nilikuwa nimewaambia "hii inalinda" na wao wameshaambiwa na watu wengi vitu vingi vinalinda. Jicho liliamini shene iliyosimama. Ilitugharimu dola 70, na 70 zile zilikuwa zimeshakufa ku msumari toka mwanzo.

Kuhusu ile asubuhi ya mvua, siwezi kuizunguka. Muzee alisema tungoje. Hata na pantalo na freni na kamba, mkataji mwenye uzoefu akisema udongo ni mbaya na mwenye daftari akasema tuanze, mtu ataumia. Mu kikao niliomba kwamba neno la Muzee juu ya udongo na upepo lisibishwe na hesabu ya mbao. Patroni alikubali kwa mdomo. Mara 2 nyuma ya pale alinipigia kuuliza kwa nini tumekaa, mara ya kwanza nilishikilia, mara ya pili nilitetemeka lakini nikashikilia.

Kijana anatembea, goti halikunji lote. Hakati tena. Ameketi Goma karibu na penye wanatengenezaka chukudu (zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo), ananoa shene za watu, na mashini ikija bila kibao cha freni anamuuliza mwenyewe kiko wapi mbele ya kushika tupa. Wengine wanaenda kunoa kwa jirani.

Kitu kimoja kimebaki wazi. Pantalo zilikuwa 2, kwa wakataji 2. Wasaidizi wanasimama ku gogo lilelile, wanapiga kabari mita moja toka shene, wanavuta matawi kama Mdogo alivyokuwa anavuta ile alhamisi. Siku ya mgomba, watu walipotawanyika, Mdogo alinifuata akaniuliza yake itafika lini. Nilimwambia mwezi ujao. Niliondoka ile kazi miezi 8 nyuma ya pale, na ilikuwa haijafika.